Gunia la Durita

Tumbo la kondoo lilikuwa kwenye friza tangu Oktoba,
chini ya njegere, ndani ya mfuko wenye mwandiko wa mama yake:
USITUPE.
Mama yake yuko melini, kaskazini ya mbali, anahesabu kreti za samaki;
atarudi Pasaka. Kwa hiyo sikutupa.

Durita ana miaka kumi na mmoja na hoja zake zimenyooka.
Mwaka huu zimwi la Kwaresima ni yeye,
na gunia la zimwi lazima liwake.
"Liwake moto?" nikauliza, mimi fundi bomba,
mtu wa maji tangu ujana.
"Liwake kwa ndani, baba.
Kama shavu ukiweka tochi mdomoni."

Tukaliosha kwa chumvi, tukalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli,
tukaliangika juu ya boila.
Siku tatu nyumba ilinuka zizi.
Jirani Óluva alifungua mlango, akafikiri, akaufunga.

Lilipokauka lilikuwa jembamba kama karatasi ya sigara,
mishipa imetambaa humo kama mito
katika ramani ya nchi isiyo na mji hata mmoja.
Kisha likapasuka.
Ni mimi niliyelipasua, kwa kidole gumba,
nikionyesha lilivyo imara.

Kiraka kikawa karatasi ya kuokea iliyolowa mafuta ya kupikia;
gundi, uji mzito wa ngano;
chai ya rangi juu yake, ili kipya kifanane na kikuukuu.
Hanga mbili za waya zikawa mbavu.
Tulizitoa upande wa kabati wa mama yake.
"Hatazitafuta?"
"Mama ana gauni moja, baba. Nyingine zote overoli."
Na mwani wa ufukweni, uliokaushwa juu ya redieta,
ukawa mkia, ukawa nywele,
ukawa makombo meusi kwenye zulia
nitakayoyakanyaga hadi Agosti.

Mshumaa nilikataa.
Balbu ya stoo ilikuwa nyeupe mno, nyeupe ya zahanati.
Basi tukachukua taa ya mbele ya baiskeli,
tukaivika maganda ya kitunguu, tabaka tatu,
hadi mwanga ukalegea, ukawa rangi ya asali.

Tukazima umeme wa jikoni.
Friji ikakoroma peke yake.
Lile tumbo lililokula nyasi za mlima wetu
lilikaa mezani likipumua mwanga,
nami sikupata neno, wala sikulitafuta.

"Lakini zimwi," nikasema baadaye, "huficha kilichomo."
"Ndiyo maana."
Akawa anafunga fundo, hanitazami.
"Nikiwa na miaka minne mjomba Hanus alikuja na gunia jeusi,
akalitua pale, karibu na viatu.
Nilijua kuna mtu ndani. Sikulala vizuri hadi kiangazi.
Langu litaonyesha. Wadogo waone ni tupu."

Jumanne usiku, mvua ya ubavuni, nyumba kwa nyumba.
Nilimfuata kwa nyuma nikiwa nimebeba betri za akiba
kama mtumishi wa mfalme mbaya.
Sebuleni kwa Óluva wajukuu wanne walijipanga kwenye kochi.
Zimwi likaingia likivuja maji. Likanguruma. Likatua gunia.
Na taa, kwa kuwa taa nazo zina ubishi wake, ikapepesa.

Durita akaingiza mkono kuitikisa.
Ukutani, darini, kwenye ngozi ile ya asali:
vidole vitano, virefu kama reki.

Watatu walipiga kelele hadi mbwa akajificha bafuni.
Wa nne, Brandur, ambaye bado hajui kufunga zipu,
alishuka kochini taratibu,
akaweka kiganja chake kwa nje,
kidole kwa kidole juu ya kivuli.

"Kuna mtu," akawaambia wenzake.

Na Durita, ndani ya mwani wote ule,
akasahau kutoa mkono.